Ukweli wa Mnunuzi kwa Muuzaji

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tunaomba idhini yenu tuanze na kisa kinachotuhusu sisi wenyewe, nacho si kisa cha kujivunia.

Vijana watatu wa madrasa yetu walikamilisha kuhifadhi juzuu kumi. Mzazi mmoja akatukabidhi shilingi 150,000 tuwapongeze, nasi akatuingiza katika hesabu. Tulipowauliza wanapenda nini, wakajibu kwa sauti moja: baga ya mkahawa mmoja wa Masaki, ambao picha yake wameiona kwenye bango la barabarani. Tulihakikisha kwanza kuwa nyama yao ni ya halali, kisha tukapanda daladala baada ya Adhuhuri.

Baga moja iliuzwa shilingi 32,000. Picha ya ukutani ilionesha nyama nene iliyouzidi mkate, jibini likichuruzika pande zote, na orodha ya vyakula ikataja gramu 200 za nyama. Tulingoja karibu saa nzima. Kilicholetwa kilikuwa mkate mkubwa mkavu, na ndani yake kipande chembamba cha nyama, kimeungua pembeni na kimepoa, na jibini halijayeyuka. Chipsi zilikuwa chache hata mdogo wao akazihesabu, akapata 11. Tukalipa shilingi 128,000 za chakula peke yake. Kwa fedha hizo bucha la mtaani kwetu lingetupa kilo kumi za nyama, na madrasa nzima ingekula pilau.

Mhudumu, binti mwenye adabu, alikuja kuuliza: “Chakula kimekuwaje, Shekhe?” Tukamjibu: “Alhamdulillah, kizuri sana.”

Lakini tulipoingia kwenye daladala ndimi zetu zilifunguka. Kutoka Masaki hadi Magomeni tuliwasema wale watu: wezi, hawana haya, wanauza picha. Abiria wakacheka, nasi tukaongeza. Ndipo yule mdogo akauliza kwa upole: “Ustadh, mbona yule dada ulimwambia kizuri?”

Wallahi hatukuwa na jibu. Tumesoma mlango wa biashara kwa Kiarabu miaka mingi, na mtoto wa miaka 12 alitunyamazisha kwa swali moja.

Nafsi ilikimbilia haraka kwenye udhuru. Imethibiti kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Tukajiambia kuwa tumefuata Sunna. Huko ni kujidanganya, kwani hata aliyeacha kukitia ila chakula hakusema uongo kukisifu. Na tena, kukidharau chakula, ambacho ni neema ya Allah, ni jambo moja. Kumweleza muuzaji kasoro ya alichokuuzia ni jambo jingine kabisa.

Ni Abu Hurayra huyo huyo aliyepokea, katika Sahihi Muslim, kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita kwa muuzaji wa nafaka, akaingiza mkono ndani ya lundo na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Tazameni mahali maneno hayo yaliposemwa: hapo hapo mbele ya lundo, na mwenye mali akisikia. Hayakusemwa njiani mbele ya abiria.

Ama bei kubwa peke yake si dhulma. Bei iliandikwa, tukaisoma, tukaridhia. Maswahaba walipolalamikia bei, Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia wafanyabiashara. Kuhusu gramu 200 nako inatubidi tuwe waadilifu. Mpishi mmoja wa msikitini kwetu ametufahamisha kuwa nyama ya kusaga ikichomwa hupoteza takriban robo ya uzito wake kwa maji na mafuta yanayotoka. Huenda basi walipima nyama mbichi, na sisi tukawaita wezi bila ushahidi. Picha ndiyo iliyokuwa lundo kavu juu ya nafaka iliyolowa.

Ni kitu gani kilichotufunga kinywa pale? Haikuwa subira. Tulichelea binti yule na wateja wa meza za jirani wasituone watu wa uswahilini tusiojua mambo. Kiburi hicho kidogo kilizaa uongo, uongo ukazaa usengenyaji, na vyote viwili vilifanyika mbele ya wanafunzi.

Jumatatu tulirejea peke yetu. Tulimwomba radhi yule binti kwa kumwambia lisilo kweli, akastaajabu, akacheka. Meneja alitusikiliza vizuri, akataka kuturudishia sehemu ya fedha. Tukakataa, kwa kuwa chakula tulikila chote na tulisema kizuri. Tulimwomba mambo mawili tu: aandike kama gramu zile ni za nyama mbichi au iliyopikwa, na abadilishe picha. La kwanza alilikubali na kuliandika papo hapo kwa kalamu. Ama picha, alisema ililetwa na watengenezaji wa mabango, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona baga kama ile ikitoka jikoni kwake.

Vijana tumewaeleza yote darasani. Picha, hadi tunapozungumza nanyi, ingali ukutani.

Wabillahi tawfiq.