Fedha Iliyolala Ghalani: Kupima Mradi wa Kukamua Alizeti kwa Thamani Halisi ya Sasa



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima mradi wa uwekezaji kwa thamani halisi ya sasa, ile ambayo kwenye makaratasi yetu huandikwa NPV. Kanuni yake inaenea kwenye mstari mmoja na kompyuta huikokotoa papo hapo, kwa hiyo sitawachosha nayo. Ninachotaka tukitazame ni kile tunachoingiza ndani yake. Maandiko mengi ya miradi hupotosha kwa yale yaliyoyaacha nje, na katika viwanda vyetu vidogo kinachoachwa nje mara nyingi kuliko vyote ni fedha inayolala kwenye malighafi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1582 Simon Stevin alichapisha majedwali ya riba mjini Antwerp, na kwa majedwali hayo mfanyabiashara aliweza kulinganisha fedha ya leo na fedha ya miaka ijayo. Irving Fisher, mchumi wa Marekani, aliliweka wazo hilo katika nadharia ya uwekezaji mwaka 1907, na kitabu cha Joel Dean cha mwaka 1951 kikasaidia kuliingiza kwenye ofisi za makampuni. Sisi tumelipokea likiwa limekamilika, pengine ndiyo maana hatulihoji sana.

Mradi wetu wa leo

Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini mwenye kiwanda yeyote wa Singida au Dodoma ataufahamu. Mama mmoja anataka kujenga kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Banda, mashine ya kukamua, chujio, mizani, ufungaji na kuunganishiwa umeme vitamgharimu shilingi milioni 120. Akishalipa mbegu, umeme, vibarua, vifungashio, usafiri na kodi, anakadiria kubaki na milioni 45 kila mwaka kwa miaka mitano. Mwisho wa mwaka wa tano mashine itakuwa imechoka na atauza kilichobaki kwa milioni 15.

Hesabu ya kawaida mnaijua. Milioni 45 mara tano ni 225, toa 120, faida ni 105. Mtaji unarudi baada ya miaka miwili na miezi minane. Wengi huishia hapo, na kusema kweli kuna benki nazo huishia hapo.

Sasa tukubaliane kwamba mama huyu hapaswi kuridhika na chini ya asilimia 18 kwa mwaka. Kwa nini 18, nitarudi. Milioni 45 za mwisho wa mwaka wa kwanza tunazigawa kwa 1.18, zinakuwa 38.1 za leo. Za mwaka wa pili tunazigawa mara mbili, zinakuwa 32.3. Za mwaka wa tatu ni 27.4, za nne 23.2, za tano 19.7. Jumla ni 140.7. Milioni 15 za kuuza mashine chakavu zikiletwa leo ni 6.6. Toa gharama ya 120, tunabaki na milioni 27.3 juu ya ile asilimia 18 anayostahili. Mradi umepita, na umepita vizuri.

Lakini kiwanda hakikamui hewa. Kanda ya Kati alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi, na hapo ndipo bei inapokuwa nafuu. Asiyenunua msimu huo atanunua baadaye kwa walanguzi kwa bei wanayoitaka wao. Kwa hiyo mama huyu anahitaji milioni 60 za kujaza ghala kabla hajauza dumu hata moja. Atakapouza mafuta na mashudu fedha itarudi, ila msimu unaofuata inaingia tena ghalani. Kwa hakika haitoki kwenye mradi mpaka mwaka wa tano, siku ya kufunga.

Kwenye maandiko ninayoletewa, milioni 60 za namna hii huwa hazionekani. Mwandishi hujitetea kwamba gharama ya mbegu ameshaitoa kwenye yale mapato ya 45. Ni kweli ameitoa kama gharama ya mwaka. Ambacho hakukitoa ni ile fedha iliyotangulia mbele na kukaa. Tuiingize: milioni 60 zinatoka leo, milioni 60 zinarudi baada ya miaka mitano, na zikirudi thamani yake ya leo ni milioni 26.2. Kulaza fedha ghalani kumemgharimu milioni 33.8, ingawa hakuna hata senti iliyopotea. Toa kwenye 27.3. Jibu ni hasi 6.5.

Mradi uleule, mashine ileile, umetoka kwenye kupita hadi kwenye kuanguka kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika.

Tumshauri nini? Hapa ndipo kipimo hiki kinaponifurahisha, kwa sababu hakiishii kusema hapana. Wapo wakamuaji wasionunua mbegu kabisa. Mkulima analeta gunia zake, anakamuliwa kwa malipo, anaondoka na mafuta yake. Faida kwa mwaka ni ndogo kuliko ya anayenunua na kuuza mwenyewe, na majirani watamcheka mama huyu kwamba kiwanda chake ni cha kusubiri wateja. Tuseme kwa njia hiyo anabaki na milioni 38 kwa mwaka badala ya 45, bila kulaza hata shilingi kwenye mbegu. Thamani ya leo ya milioni 38 kwa miaka mitano ni 118.8. Ongeza 6.6 za mashine chakavu, toa 120. Jibu ni chanya 5.4. Njia yenye faida ndogo kila mwaka ndiyo yenye thamani zaidi, na taarifa ya faida na hasara isingemwonyesha hilo kamwe.

Kati ya njia hizo mbili zimo nyingine: kununua nusu na kukamulia watu nusu, kununua kwa awamu, au kutumia mbegu iliyohifadhiwa kwenye ghala lenye leseni kuwa dhamana ya mkopo kupitia stakabadhi ghalani. Kila mojawapo ina hesabu yake, na kila mojawapo inapaswa kuandikwa kama mradi unaojitegemea kabla ya kuchaguliwa.

Asilimia 18 imetoka wapi?

Swali hili ndilo linaloumiza vichwa, na ndiko ujanja mwingi unakofanyika. Nimeona maandiko ambayo kiwango cha punguzo kimechaguliwa mwisho kabisa, baada ya mwandishi kujaribu kadhaa hadi akapata kinachopitisha mradi. Kwenye mfano wetu wa kununua mbegu, ukiweka asilimia 13 unapata chanya 19. Ukiweka 16 unapata chanya 3. Ukiweka 17 umeshaingia kwenye hasi. Mwenye kalamu akitaka mradi upite, utapita.

Dawa yake ni kukiweka kiwango kwanza, kabla ya kugusa mapato, kwa kuuliza: fedha hii isipoingia hapa ingefanya nini? Hapa Tanzania swali hilo lina jibu la kuanzia. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata hatifungani mpya za muda huo zikashushwa hadi 12.56. Mwenye hatifungani hana fundi wa kumlipa, umeme ukikatika hakosi usingizi, na kila baada ya miezi sita anaingiziwa riba yake. Anayetaka kukamua alizeti lazima adai zaidi ya hapo, kwa sababu anabeba hatari ya mvua, ya bei, na ya ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa nje, ambao bajeti moja inaweza kuupandisha na nyingine ikaushusha. Nyongeza ya asilimia tano au sita juu ya ile 12.56 naiona ya kiasi, na ndiyo inayotufikisha kwenye 18 hivi. Yupo atakayesema iwe nane, na sitagombana naye, mradi aiseme kabla ya kuona jibu.

Anayekopa atazame pia gharama ya mkopo wake, na aitazame vizuri. Asilimia 3 kwa mwezi husikika ndogo. Ukilimbikiza kwa miezi kumi na miwili inazidi asilimia 42 kwa mwaka, na sijui kiwanda cha alizeti kinachoweza kulipa hivyo. Ila ukishaiweka gharama ya mkopo ndani ya kiwango cha punguzo, usiitoe riba hiyo tena kwenye mapato ya kila mwaka. Hilo ni kosa la kulipa deni moja mara mbili, na linaua miradi mizuri. Uchakavu nao si fedha inayotoka mfukoni. Kazi yake pekee kwenye hesabu hii ni kupunguza kodi, ambayo kwa kampuni kwa kawaida ni asilimia 30 ya faida.

Kwenye semina za Pwani na Zanzibar huwa naulizwa kama hesabu hii ni riba. Hukumu ya dini nawaachia wanazuoni. La kwangu ni kwamba hapa hakuna anayekopeshwa. Tunalinganisha matumizi mawili ya mali moja. Asiyetaka hatifungani achukue mapato ya kukodisha nyumba, au gawio la ubia anaoukubali, ayafanye ndiyo kipimo chake. Kanuni inabaki ileile.

Bei za mwaka gani?

Nikipokea andiko, hili ndilo swali langu la kwanza. Katika mfano wetu nimechukulia kwamba milioni 45 ni fedha ya miaka hiyo yenyewe: bei ya mafuta itapanda, na mishahara, umeme na mbegu vitapanda nayo na kumeza ongezeko. Lakini wengi huandika 45 kila mwaka kwa sababu tu wamekadiria kwa bei za leo na kuzinakili. Hao wakitumia asilimia 18, ambayo ndani yake tayari ina mfumuko wa bei, wanauonea mradi. Mfumuko ukiwa asilimia 3, kiwango kinacholingana na bei za leo ni 1.18 gawanya kwa 1.03, yaani kama asilimia 14.6. Kwa kiwango hicho mradi wa kununua mbegu unatoka kwenye hasi 6.5 na kupanda hadi chanya inayozidi milioni 10. Tofauti hiyo ya karibu milioni 17 imetokana na swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Afisa mkopo anayekataa mradi bila kulijua jibu lake amekataa kwa kubahatisha.

Msimu ukikupita

Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa ajili ya viwanda vinavyozalisha Januari hadi Desemba. Huko, ukichelewa miezi mitatu umepoteza miezi mitatu. Kwetu mavuno ya alizeti ni mara moja kwa mwaka, na mwenye kupanga kununua mbegu ya msimu wote kwa pamoja akichelewa miezi mitatu ameukosa mwaka. Tuseme milioni 120 zimeshatumika, mashine imefika, lakini nguzo ya umeme imekuja Agosti. Mapato yote yanasogea mwaka mmoja mbele. Hata tukimpa nafuu kwamba zile milioni 60 za mbegu hakuzitoa mpaka msimu uliofuata, thamani ya mradi inashuka kutoka hasi 6.5 hadi hasi 23.8. Nguzo moja imekula milioni 17.3. Mtu akijua hivyo, kumlipa mkandarasi nyongeza ya milioni mbili amalize Aprili hakutamuuma.

Kwa sababu hiyo ningependa fomu zetu za maombi ya mkopo ziwe na safu ya miezi kwa mwaka wa kwanza, hata kama miaka inayofuata itaandikwa kwa jumla. Fedha iliyokwisha kutumika kabla ya uamuzi, kama ada ya aliyeandika andiko au kisima kilichochimbwa mwaka juzi, isiingizwe kabisa. Hairudi mradi ukifanyika wala usipofanyika. Kiwanja cha mwenyewe kiingizwe kwa kodi ambayo kingepangishwa. Na mwenye kiwanda ajiandikie mshahara, maana anayeshinda kiwandani siku sita kwa wiki bila kujilipa anaifadhili biashara yake kwa siri.

Nimalizie na jambo la kujadili kwenye vikundi. Mama yetu anasisitiza kununua mbegu mwenyewe, kwa asilimia 18, na bei ni za miaka husika. Ili mradi wake utoke kwenye hasi na kufika sifuri, mapato ya mwaka hayana budi kufika milioni 47.1 badala ya 45. Anachopungukiwa ni milioni 2.1, wastani wa shilingi 175,000 kwa mwezi. Anasema akihifadhi mashudu na kuwauzia wafugaji wakati wa kiangazi, malisho yakishakauka, atazipata. Kila kikundi kichukue daftari, kikadirie ni gunia ngapi za mashudu zinahitajika na kwa nyongeza gani ya bei, na kikumbuke kwamba mashudu yanayosubiri kiangazi nayo ni fedha iliyolala ghalani.