Risasi ya Kawaida au ya Shinikizo Kubwa: Maneno kwa Wenye Leseni za Bastola na Majirani Zao



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa muuza silaha tu, tena kwa sauti ya chini. Wapo kati yenu wachache walioruhusiwa kisheria kumiliki bastola ndogo kwa ajili ya kulinda biashara zao. Swali lao ni hili: wanunue risasi za kawaida, au zile za shinikizo kubwa? Nimeomba majirani wasio na silaha nao waitwe, kwa kuwa jibu linawahusu kuliko wanavyodhani.

Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua ndani ya ganda, na gesi yake husukuma kichwa cha risasi mbele. Msukumo huo una kipimo. Kwa risasi ya milimita 9 iitwayo Parabellum, SAAMI, yaani taasisi ya viwango vya risasi ya Marekani, imeweka ukomo wa pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Ile ya shinikizo kubwa huruhusiwa kufika 38,500, yaani nyongeza ya asilimia 10. Utaitambua kwa alama ya kujumlisha na herufi P, iliyogongwa kwenye kitako cha ganda au kuandikwa kwenye boksi. Ukiona alama za kujumlisha mbili, moja kila upande wa P, fahamu kwamba taasisi hiyo haikuweka ukomo wowote hapo; mtengenezaji ameamua mwenyewe.

Wanaozitaka risasi hizi hawasemi upuuzi. Mtutu wa bastola ndogo ni mfupi, wakati mwingine inchi 3 tu, na mtutu mfupi humpunguzia risasi mwendo. Shinikizo kubwa hurudisha sehemu ya mwendo huo. Lakini bei yake hulipwa mkononi. Bastola ndogo ni nyepesi, mpini wake haujai kiganja, na nyongeza hiyo huisukuma mkono kwa nguvu zaidi, huku mwako wa mdomoni ukimpofusha mpigaji gizani. Risasi ya kwanza huenda ikafika inapokusudiwa. Ya pili hufuata mkono uliokwisha kuyumba. Hapo ndipo jirani anapoingia katika hesabu. Katika vituo vya biashara kama Busia au Mutukula, duka na chumba cha kulala hutenganishwa na ubao, bati au udongo. Risasi yenye uzito wa gramu 8, ikienda zaidi ya mita 300 kwa sekunde, huweza kupenya vitu hivyo, iwe ya kawaida au ya shinikizo kubwa. Basi mwenye silaha atafute kwanza risasi anayoweza kuiongoza. Kwa wengi mlio hapa, hiyo ni ya kawaida.

Chuma nacho kina mipaka yake. Zipo bastola ambazo kitabu chake cha maelekezo hukataza kabisa risasi za shinikizo kubwa, na zipo zinazoziruhusu kwa kiasi, kwa sharti kwamba springi ikaguliwe mara kwa mara. Fuata kitabu, usifuate rafiki. Katika eneo hili la Maziwa Makuu nataja hasa Makarov, bastola ya Kisovieti ya mwaka 1951. Risasi yake pia huitwa ya milimita 9, lakini si Parabellum, na hizo mbili hazibadilishani. Baadaye Warusi walitengeneza risasi ya aina hiyo hiyo yenye nguvu zaidi, kwa ajili ya bastola mpya iitwayo PMM. Isitiwe katika Makarov ya zamani.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nami naliona kuwa zito kuliko alama zote za kitakoni. Mfanyabiashara hujaza bastola asubuhi na kuitoa risasi jioni. Siku baada ya siku, ni risasi ile ile ya juu inayosukumwa kwenye mtutu na kutolewa. Kila inapogonga, kichwa chake huweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na hupanda sana. Hivyo mtu aliyekataa risasi kali dukani huishia kuwa nayo bila kujua, na hata kupita ukomo wake. Isimamishe kando ya risasi mpya ya boksi lile lile. Ikiwa fupi, usiifyatue kamwe. Ilete kituoni.

Juu ya risasi zinazouzwa moja moja mfukoni sokoni, sitakaa sana. Hazina boksi, shinikizo lake halijulikani, na nyingine zina alama ya msalaba ndani ya duara, ambayo ni ya majeshi ya NATO. Kuzinunua ni kosa la jinai. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kuudhibiti mkondo huo, na leseni ya upande mmoja wa mpaka haimlindi mtu akivuka na silaha kwenda upande wa pili.

Mwenye kuokota risasi, au kurithi boksi la marehemu, asiliweke jikoni wala asilitupe motoni. Aache mahali penye baridi na pakavu, mbali na watoto, amwite askari wa eneo lake aje kulichukua.

Baada ya mkutano nitabaki hapa mezani. Wenye leseni waje na kitabu cha maelekezo na boksi tupu la risasi wanazotumia, tusome pamoja maandishi yake. Bastola zenyewe zibaki zimefungiwa nyumbani.