Njia ya Pili ya Umeme



Aprili 1, 2024, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa ilizima umeme sehemu kubwa ya nchi. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lilikuwa limeshaanza kuzalisha umeme. Kumbe kuwa na mitambo ni jambo moja, na umeme kukufikia wewe msikilizaji wa Chamwino, uwe Buigiri au Mvumi, ni jambo jingine.

Kwa miaka mingi Dodoma ilitegemea njia ya kilovoti 220 itokayo Iringa kupitia Mtera. Baadaye ikajengwa njia kuu ya kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, takriban kilomita 670, kupitia hapa kwetu Dodoma na Singida.

Wapangaji wa gridi hujiuliza: tukiondoa kitu kimoja, chochote kile, mzigo utabebeka? Chukua njia mbili, kila moja ikiweza kubeba megawati 100. Watu wanatumia 160, kila njia inabeba 80, na mambo yanaonekana shwari. Radi ikipiga moja, zote 160 zinarukia iliyobaki. Vifaa vya ulinzi vinaikata nayo isiungue, na mji wote unaingia gizani. Ili kuwa salama, matumizi hayo yasingepaswa kuvuka 100, au ijengwe njia ya tatu mapema.

Hapo lipo jambo linalosahaulika. Saketi mbili zilizofungwa kwenye minara ileile huhesabiwa njia mbili, lakini mnara ukianguka zinaanguka pamoja. Ndiyo maana naithamini sana njia ya kilovoti 400 ya Chalinze hadi kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, Dodoma, kilomita kama 345. Imekusudiwa kuleta umeme wa Rufiji kutokea mashariki. Kikiharibika kitu upande wa Iringa, mashariki kunabaki.

Wapo wanaosema njia isiyojaa ni fedha iliyolala. Sikubaliani nao. Nafasi ile tupu ndiyo inayobeba chumba cha upasuaji na treni ya umeme siku ya hitilafu. Haitazuia transfoma ya kijiji kuungua, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Wataalamu wakija kwenye mkutano wa kijiji kueleza mkuza mpya wa njia ya umeme, ulizeni fidia, ni haki yenu. Kisha waulizeni: njia ile ya zamani ikizima, hii itabeba megawati ngapi?