Maji, Ndege na Majani: Sauti Zinazotuliza Moyo

(Mazungumzo ya kamati ya afya ya jamii katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



Tarehe hii ilikuwa Siku ya Wakimbizi ya Afrika kabla haijawa siku ya dunia nzima mwaka 2001. Ni siku ya kukumbuka tulikotoka na kutazama tunavyoishi. Sisi wa kamati ya afya tumezoea kuja mbele yenu kuzungumzia maji safi, vyoo, vyandarua na chanjo. Leo tumechagua jambo ambalo pengine wengine wataliona ni dogo: sauti tunazozisikia mchana na usiku, jinsi zinavyotuliza moyo au kuuchosha. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani mwishoni tuna ombi, na ombi hilo linahusu miti ya bonde la kijito, chini ya zahanati.

Tulichokiacha ng'ambo

Wengi wetu tumezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, Baraka na Fizi. Ndugu zetu Warundi, wengi wametoka Rumonge na Makamba, na ziwa ni hilo hilo. Wa kwanza wetu walivuka kuja Kigoma mwaka 1996 na 1997, wengine wakafuata kila vita ilipofumuka tena. Tulipofika tuliulizwa tumepoteza nini, nasi tukataja nyumba, mitumbwi, nyavu, michikichi na mashamba ya mihogo. Tukataja watu wetu. Hakuna aliyesema kwamba amepoteza mawimbi.

Lakini wazee walilijua jambo hilo tangu usiku wa kwanza. Mzee mmoja mvuvi wa mtaa wetu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akituambia kwamba usingizi wake aliuacha ufukweni. Tangu azaliwe hakuwahi kulala bila kusikia maji yakipiga mchanga. Huku porini alikesha miezi mingi. Tulidhani ni malaria, kumbe ni masikio yaliyokuwa yakitafuta kitu wasichokiona.

Tena kuna jambo ambalo waliokimbilia msituni wanalifahamu bila kufundishwa. Usiku tulisikiliza nyenje na vyura. Walipokuwa wakiimba, tulijua kwamba hakuna mtu anayepita karibu. Waliponyamaza ghafla, wote kwa pamoja, mama alimziba mtoto mdomo. Ndiyo maana mpaka leo wapo kati yetu ambao ukimya wa ghafla unawaamsha usiku wa manane, na sauti ya nyenje ndiyo inayowaambia: lala, hapa ni salama.

Mwili unavyosikia

Wataalamu wanatueleza kwamba mwili una hali mbili. Ya kwanza ni hali ya kujihami: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo halisagi chakula vizuri, usingizi unakimbia. Ya pili ni hali ya kupumzika, ambapo moyo unatulia na mwili unajitengeneza. Mtu aliyepita katika vita anaweza kukaa katika hali ya kwanza kwa miaka mingi, hata akiwa amekaa mlangoni pake anachambua maharage. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopatwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo jambo hili si aibu ya nyumba moja.

Sasa, sauti zinaingiaje? Mwaka 2010 watafiti wa Stockholm, Uswidi, waliwapa watu 40 hesabu ngumu za kichwa mpaka wakapata msongo, kisha wakawasikilizisha sauti mbalimbali. Waliosikia maji na ndege miili yao ilielekea kutulia mapema zaidi kuliko walipowekewa kelele za magari. Mwaka 2017 wenzao wa Uingereza walipima ubongo na mapigo ya moyo, wakaona kwamba sauti za asili zinausaidia mwili kuingia katika hali ya kupumzika, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuja wakiwa na msongo mkubwa. Mwaka 2022 Wajerumani waliwapima watu 295. Dakika 6 tu za kusikiliza ndege zilipunguza wasiwasi wao, na kelele za barabarani ziliongeza huzuni. Na mwaka 2021 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba sauti ya maji ndiyo inayoongeza zaidi furaha na afya, na sauti ya ndege ndiyo inayopunguza zaidi msongo na kero.

Mzee wetu mvuvi hakusoma tafiti hizo, lakini kuhusu maji hawakupishana naye.

Hatusemi ni dawa ya kila mtu

Ndugu zetu, tusije tukaeleweka vibaya. Sauti ya ndege haijazi sufuria wala haimrudishi aliyekufa. Na si kila sauti ya asili inamtuliza kila mtu. Mvua inayopiga mabati inamlaza mmoja, na jirani yake inamkumbusha risasi. Yupo mama katika mtaa wetu ambaye mvua kubwa ikianza anawakumbatia watoto na kuingia chini ya kitanda. Mama huyo haambiwi akae asikilize mvua. Anahitaji mtu wa kukaa naye, na anahitaji kupelekwa kwa mshauri wa zahanati. Radi pia ni sauti ya asili, nayo hatujasikia kwamba imemtuliza mtu.

Tunachosema ni kwamba sauti laini, inayoendelea bila kushtua, ambayo mtu mwenyewe anaipenda, inausaidia mwili kukumbuka kwamba hatari imepita. Msaada huo hauna malipo, hauhitaji mgao wala foleni, na yatima anaupata sawa na mwenye jamaa.

Namna ya kufanya

Wahudumu wetu wa afya wamekuwa wakifanya zoezi hili na vikundi vya akina mama, nalo ni jepesi. Kaa chini, nyayo ziguse ardhi. Pumua polepole. Sikiliza sauti ya mbali kabisa unayoweza kuisikia, labda njiwa au upepo katika majani. Kisha sikiliza ya karibu zaidi. Kisha sikiliza pumzi yako mwenyewe. Mawazo mabaya yakija usipigane nayo, yaache yapite kama magari ya barabarani, urudi kwenye sauti. Dakika 5 zinatosha kwa kuanza. Anayeona wasiwasi unazidi, asimame, atembee, amwambie mwenzake.

Zoezi la namna hii, la kurudisha fahamu kwenye yale unayoyasikia na kuyaona, limo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wenye dhiki. Mafunzo hayo yalijaribiwa katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki. Waliopewa mafunzo walikutana mara 5 katika vikundi, na baada ya miezi 3 dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Kusikiliza ni sehemu moja tu ya mafunzo yale, lakini tunalitaja ili wageni wetu wa mashirika wajue kwamba haya si mambo ya porojo. Wakimbizi kama sisi wameyafanya, wakaona faida.

Bonde la kijito

Sasa tunafika kwenye ombi letu. Wote mnalijua bonde la kijito. Ni mahali pekee karibu na mitaa yetu palipobaki miti mikubwa. Asubuhi utasikia tetere, na mvua ikikaribia utamsikia dudumizi. Wakati wa masika vyura wanaimba mpaka alfajiri. Pale ndipo wahudumu wanapokaa na wagonjwa wa mawazo, kwa sababu hatuna chumba kingine chenye utulivu.

Tangu mwaka jana shoka limeingia bondeni. Tulipohesabu visiki mwezi uliopita tulipata 31. Hatukuja hapa kumtaja mtu wala kumshtaki mtu. Mwenye njaa hana miiko, na maharage mabichi hayaliwi. Tunajua akina mama na mabinti wanakwenda mbali kutafuta kuni, na tunajua yanayowapata njiani. Mama anayekata mti karibu na nyumbani anaogopa jambo la kweli. Kumwambia tu "usikate" bila kumwonyesha atapikia nini ni kumdhulumu mara ya pili.

Kwa hiyo tumeligawa ombi letu sehemu nne.

La kwanza ni kwa sisi wenyewe. Tukubaliane leo kwamba miti iliyosimama kando ya kijito haikatwi, na matawi makavu yaliyoanguka yaokotwe na wazee na wajawazito kwanza. Vijana wa mtaa wameahidi kuwasindikiza akina mama wanaokwenda mbali kwa kuni, siku mbili kila juma, wakienda kwa kundi na kurudi kwa kundi.

La pili ni kwa mashirika. Tunaomba mafunzo ya majiko ya udongo yanayotumia kuni kidogo yaendelee, na miche ipandwe bondeni kabla ya mvua. Tunaomba pia jenereta iliyo nyuma ya wodi ya wazazi isogezwe. Mtoto anayezaliwa kambini angekuwa na haki ya kusikia sauti ya mama yake kabla ya kusikia injini.

La tatu ni kwa ndugu zetu wenye vibanda vya video na vipaza sauti. Hatuchukii muziki, na sisi tumecheza leo mbele yenu. Lakini saa tatu usiku, tafadhali punguzeni. Filamu za vita zinazolia kwa nguvu usiku zinawarudisha watu mahali walipotoka. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mwenye debe anaweza kulifunika.

La nne ni kwa wazee. Watoto wengi wamezaliwa hapa, nao hawalijui ziwa. Waelezeni mawimbi yanavyolia kusi likivuma, na furukombe anavyoita juu ya maji. Wafundisheni pia majina ya ndege wa hapa, maana hawa ndio ndege wao.

Kumalizia

Hatujui tutakaa hapa siku ngapi. Wengine watarudi nyumbani, wengine watapelekwa nchi za mbali, na wengine watabaki. Popote mtu atakapokwenda, atakwenda na masikio yake. Tungependa mtoto aliyekulia hapa, akiulizwa kesho kambi ilikuwaje, aweze kusema kwamba palikuwa na foleni, vumbi na dhiki, lakini pia palikuwa na bonde lenye miti, na usiku nyenje waliimba bila kunyamaza.

Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wahudumu wetu watakuwa chini ya mti mkubwa wa kwanza, ng'ambo ya daraja la magogo. Anayetaka kujaribu zoezi aje, aje na mkeka wake. Mwenye shoka naye anakaribishwa, ila aliache nyumbani.