Jirani Akifilisika: Funzo la Sudan Kusini kwa Wafanyabiashara



Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Uchumi wa nchi ukianguka, maumivu hayaishii mpakani. Mfano ulio karibu ni Sudan Kusini.

Nchi hiyo ilipopata uhuru Julai 2011, karibu mapato yote ya serikali yalitokana na mafuta, yanayosafirishwa kwa bomba kupitia Sudan. Januari 2012 Juba ilisimamisha uchimbaji kwa sababu ya mzozo wa ada za bomba. Desemba 2013 vita vikazuka. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka, na dola zikaadimika. Desemba 2015 serikali iliacha kiwango cha pauni 2.96 kwa dola moja, na mara moja dola ikapanda hadi takriban pauni 18.5.

Tufanye hesabu. Chukua mfanyabiashara aliyepeleka unga kwa mkopo, akawa anadai pauni 29,600. Kwa kiwango cha zamani, hizo ni dola 10,000. Kwa kiwango kipya, ni dola 1,600. Mdeni hakutoroka, na hata akilipa deni lote, mtaji umekwisha. Huku nyumbani, aliyemuuzia mfanyabiashara huyo unga anataka pesa zake zote, na benki inataka mkopo wake.

Hasara haikuishia hapo. Mwaka 2016 mfumuko wa bei Sudan Kusini ulipita asilimia 800. Mshahara haukutosha chakula, kwa hivyo wateja wakapunguza kununua. Benki za Kenya zilizofungua matawi huko, zikiwemo KCB na Equity, zilipata hasara na kufunga baadhi ya matawi. Wafanyabiashara wa Uganda walioiuzia serikali ya Juba nafaka walisubiri malipo kwa miaka mingi. Mizigo ya nchi hiyo hushushwa bandarini Mombasa na kupita Malaba. Ikipungua, turnboi hukosa safari, na mama anayeuza chai na chapati kando ya barabara hukosa wateja, ingawa hajawahi kufika Juba.

Hayo si ya kale. Februari 2024, bomba hilo liliharibika kutokana na vita vya Sudan, na watumishi wengi wa serikali ya Juba wakakaa miezi mingi bila mshahara.

Hii si sababu ya kumkimbia jirani. Watu wake bado wanahitaji unga, sukari na saruji, na biashara hiyo inalisha familia nyingi. Lakini tahadhari ni muhimu. Andikianeni mkataba, na bei itajwe kwa shilingi au dola. Pokea malipo, au sehemu kubwa, kabla lori halijavuka mpaka. Usiweke shamba wala nyumba rehani kwa ajili ya oda moja. Chama kinachouza nje kiwe na soko la pili, hata kama ni dogo.

Anayefuatilia bei ya dola kila wiki hujua mapema upepo unakovuma. Anayengoja habari za redio huzipata mzigo ukiwa tayari njiani.