Kijana Wetu na Swali la Darwin

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya swala ya Ijumaa, Gairo, Morogoro)



Baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), napenda tuzungumzie jambo aliloniletea kijana wa kidato cha nne wa hapa hapa Gairo. Katika jaribio la Biolojia alitakiwa aeleze nadharia ya Darwin juu ya mageuko ya viumbe. Jibu alilijua. Akaacha nafasi tupu, kwa kuwa ustadhi wake alimwambia kuwa kuliandika ni kukufuru.

Nasema wazi: ustadhi huyo amekosea. Mwenye kueleza yaliyomo kitabuni hajayatolea shahada. Qur'ani yenyewe inatusimulia kauli za Firauni, nasi tunazisoma ndani ya swala bila ya kuwa wafuasi wake.

Itikadi yetu haina shaka: Adam (a.s.) aliumbwa kwa udongo, na Aal Imran aya ya 59 inamfananisha naye Isa (a.s.). Lakini Al-Ankabut aya ya 20 inatuamrisha pia kutembea katika ardhi na kutazama uumbaji ulivyoanza. Fuvu aliloliona Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lipo. Kulikanusha ni kujifedhehesha. (Hata jina lake, Zinjanthropus, limetokana na Zinj, neno walilotumia wanajiografia wa Kiislamu kwa pwani yetu!) Ila wengi wameaminishwa kuwa lile ni fuvu la babu yetu, ilhali wanasayansi wenyewe walikwishaliweka katika tawi la pembeni lililotoweka. Wala Darwin hakusema kuwa sokwe wa leo alimzaa mtu. Alisema wana asili moja. Hapo ndipo tunapoachana naye, si kwenye mifupa.

Kosa kubwa ni letu sisi wazazi na walimu. Mtoto akishahitimu Juzuu Amma tunamwacha, naye anapofikia umri wa maswali mazito hana wa kumuuliza. Shuleni anafanya mtihani wa Biolojia na wa Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa kalamu ileile, na hakuna aliyemkalisha akamwonesha namna ya kuyabeba yote mawili.

Mwalimu mmoja wa sayansi, Muislamu mwenzetu, amekubali kukaa na vijana pamoja na ustadhi kila Jumamosi baada ya Alasiri, hapa msikitini. Waje na madaftari yao ya Biolojia, wavulana kwa wasichana. Ustadhi naye nimemwomba asome sura hiyo ya kitabu kabla ya kikao.

Wabillahi tawfiq.