Kikompyuta Kikuukuu Bado Kina Kazi

Leo tumetoka Ruiru kuja hapa Thika na kile kikompyuta chetu, Acer Aspire One ya mwaka 2008, memori gigabaiti 1 tu. Windows XP yake, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, ilikuwa imegoma kuwaka. Fundi mmoja akatuambia tukitupe. Kitupwe vipi, na hesabu za akiba ya akina mama zimo ndani? Basi tuliweka antiX, Linux nyepesi isiyolipiwa, kwenye flashi, tukakiwasha kwa hiyo flashi bila kugusa diski. Hesabu tukazikuta zote! Tulizinakili kwanza, ndipo tukafuta XP. Intaneti inajikokota, kusema kweli, lakini hesabu zinaandikika. Mama mweka hazina, karibu mbele ukiwashe mwenyewe.